Mti wa Kwale Uliofeli Mtihani

Ugai itha!

Mmeitika vizuri, ingawa hao walioko nyuma wameitika huku wakitafuna njugu. Hadithi ya leo haina fisi wala irimũ, yaani zimwi. Ina mti mmoja mfupi wa Kwale, ng'ambo ya nchi kabisa ukitoka hapa kwetu Gatitu, na ina sumu kali ajabu. Nimeichagua kwa sababu mmoja wenu ameniuliza swali ambalo watu wazima hulikwepa: ikiwa gome la muiri linanunuliwa na wazungu, mbona mgonjwa wa kansa akienda hospitali anapewa dawa za kumng'oa nywele? Si angechemshiwa gome tu anywe?

Nianze na huo muiri, maana unaota kwenye misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua na mnaujua. Ni kweli, gome lake limekuwa likitengenezewa dawa Ulaya tangu miaka ya 1970. Lakini dawa hiyo ni ya wazee wa kiume ambao tezi yao ya kibofu imevimba wakawa wanaamka usiku kukojoa mara kwa mara. Uvimbe huo si saratani. Tamaa ya gome ilisababisha miti mingi kuchunwa hadi ikakauka, na mwaka 1995 muiri ukaingizwa katika orodha ya kimataifa ya mimea ambayo biashara yake ni lazima idhibitiwe. Kwamba unaponya saratani, hilo bado halijathibitishwa. Mtu akikushikia chupa barabarani akakwambia dawa hii ya miti inamaliza kansa, muulize kwa heshima: imepimwa wapi, kwa wagonjwa wangapi, na waliopewa kitu kingine ili kulinganisha walikuwa wangapi? Akianza kukasirika, endeleeni na safari yenu.

Hayo maswali matatu ndiyo hadithi yenyewe.

Mwili umejengwa na seli, chembe hai ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli huongezeka kwa kugawanyika, moja ikawa mbili. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili maagizo yake yote ya urithi, kisha husuka nyuzi kwa protini inayoitwa tubulini. Nyuzi hizo hukamata nakala ya kwanza na kuivuta upande huu, na ya pili upande ule, halafu seli inajikata katikati. Kazi ikiisha, nyuzi hufumuliwa. Nyuzi zikikataa kusukika, seli hukwama: haiendi mbele, hairudi nyuma, na mara nyingi hufa.

Saratani ni seli zilizokataa kusikia amri ya kuacha kugawanyika. Basi mtu anaweza kufikiri kwamba dawa ni rahisi: tafuta kitu cha kuvuruga nyuzi. Shida ni kwamba seli za mizizi ya nywele nazo hugawanyika mchana na usiku, na za utumbo, na zile za ndani ya mifupa zinazotengeneza damu. Dawa ikiingia mwilini haiulizi nani ni nani. Ndiyo maana nywele hung'oka, tumbo likaharibika, na damu ikapungua. Kuua seli ya saratani si kazi ngumu. Hata Jik inaiua. Kazi ngumu ni kuiua hiyo na kumwacha mwenye mwili akiwa hai.

Sasa twende kwenye mti.

Mwaka 1960 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilianza kutafuta dawa ndani ya mimea. Watu walitumwa pembe nyingi za dunia kuleta matawi, magome, mizizi na matunda. Hadi mradi huo uliposimamishwa mwaka 1982, walikuwa wamepima maelfu mengi ya aina za mimea. Zilizozaa dawa kamili zinahesabika kwa vidole, na vidole vikabaki. Katika mizigo ya mwanzoni, kulikuwa na mti mdogo kutoka Ethiopia, wa jamii inayoitwa Maytenus. Dondoo lake lilionyesha dalili za kuzuia saratani, na kazi ya kutafuta ni kitu gani hasa ndani yake kinachofanya hivyo ikamwangukia mkemia S. Morris Kupchan, wa Chuo Kikuu cha Virginia.

Wengi hudhani mkemia huona jibu ghafla kisha akapiga ukelele. Sivyo. Anachukua mti mkavu uliosagwa, anauloweka kwenye alkoholi, anachuja, anakausha. Kinachobaki ni uji mweusi wenye mamia ya kemikali tofauti. Anaugawa: vinavyoyeyuka kwenye maji upande huu, visivyoyeyuka upande ule. Kila fungu linapelekwa kupimwa kwenye seli na kwenye panya wenye saratani ya damu. Fungu lisilofanya kitu linawekwa kando. Lenye nguvu linagawanywa tena, linapimwa tena, linagawanywa tena. Wiki zinapita. Mwishowe, ukijaliwa, chini ya chupa kunabaki kemikali moja safi. Kupchan alifika hapo, na mwaka 1972 akatangaza kampaundi mpya aliyoiita maitansini.

Nguvu yake ilishtua. Panya walihitaji mikrogramu chache tu kwa kila kilo ya uzito wao, na mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Kwenye seli za maabara ilionekana kuwa kali kuliko vinkristini kwa mara 100 au zaidi, na vinkristini ni dawa ya saratani inayotumika hadi leo, iliyotokana na lile ua la rangi ya waridi la Madagaska ambalo watu wengi hulipanda uani bila kujua. Maitansini ilifanya nini? Iling'ang'ania tubulini, nyuzi zikashindwa kusukika.

Lakini kilo nzima ya mti ilitoa kemikali hiyo kidogo mno. Ili kuwapima wagonjwa zilihitajika tani za mti. Wakatafuta ndugu wa mti huo wenye kemikali nyingi zaidi, wakampata Kenya, katika vilima vya Shimba Hills kule Kwale, penye msitu ambao ndio makao pekee ya palahala katika nchi yetu. Jina lake la kitaalamu wakati huo lilikuwa Maytenus buchananii. Miaka ya 1970 ukavunwa. Waandishi wa uhifadhi wameandika kwamba zaidi ya tani 27 za mti huo ziliondolewa na kupelekwa Marekani, na kwamba karibu miti yote mikubwa ya aina hiyo katika eneo hilo ilikatwa. Miaka minne baadaye walipohitaji mzigo mwingine, walihangaika kuupata. Machipukizi yalikuwa machache mno.

Mimi hapa huwa nasimama kidogo. Siwezi kuwalaumu waliotaka kuponya watu. Lakini tani 27 zinabebwa, na hakuna aliyefikiria kupanda kwanza? Hapakuwa bado na mkataba wa dunia kuhusu anachostahili kupata mwenye msitu. Mkataba wa Bayoanuwai ulikuja 1992, na ule wa Nagoya, unaohusu hasa kugawana faida, ukapitishwa 2010. Mti ulikuwa umeshasagwa zamani.

Na baada ya yote hayo, dawa ikafeli.

Nataka mwelewe jinsi dawa inavyofeli, maana huko ndiko zinakoishia nyingi. Majaribio kwa binadamu yana ngazi. Ya kwanza huchukua wagonjwa wachache, na swali lake ni moja: kipimo gani mwili unaweza kukistahimili? Huanza na kidogo sana kisha huongeza polepole. Ya pili huuliza kama saratani inapungua. Ya tatu huchukua mamia ya wagonjwa, nusu wakapewa dawa mpya na nusu ile bora iliyokuwapo, na anayepata ipi huamuliwa kwa bahati nasibu, wala si kwa kujuana na daktari. Mgonjwa anaelezwa kila kitu na kutia sahihi kwa hiari yake, na anaweza kujitoa siku yoyote. Katika kila dawa 10 zinazoingia ngazi ya kwanza, takriban 9 hazifiki dukani.

Maitansini iliingia kwa wagonjwa katikati ya miaka ya 1970. Walitapika, wakaendesha, wakadhoofika, wengine wakafa ganzi mikononi na miguuni. Uvimbe uliopungua ulikuwa wa wagonjwa wachache mno. Hakukuwa na nafasi kati ya kipimo kinachoiumiza saratani na kile kinachomuumiza mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikawekwa rafuni. Kupchan mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1976, kwa hiyo hakuona kushindwa kwake wala kilichofuata.

Kilichofuata kinatoka Japani. Mwaka 1977 watafiti wa kampuni ya Takeda walitangaza kwamba wamepata bakteria anayetengeneza kemikali ndugu za maitansini. Bakteria! Unamlisha ndani ya pipa kubwa la maabara naye anakutengenezea, bila panga wala lori. Miaka mingi baadaye ukapatikana ushahidi kwamba hata ndani ya miti jamaa ya huu wa Kwale, viumbe wadogo wanaoishi mizizini ndio wanaohusika kuitengeneza. Kama hilo lingejulikana mapema, Shimba Hills ingesalimika. Lakini sayansi haikupi majibu kwa mpangilio unaoutaka wewe.

Sasa wakemia walikuwa na sumu ya kutosha, na swali jipya. Badala ya kuuliza "tuipunguzeje makali?", wakauliza "tuipelekeje pale tu panapohitajika?"

Mnajua jinsi mtu wa Gatitu anavyomtumia mwanawe kifurushi Nairobi kwa matatu. Humpi dereva mzigo mtupu ukamwambia umpe yeyote utakayemkuta. Unauandikia jina na namba ya simu, unaufunga vizuri ili usifunguke njiani, na anayeupokea ndiye anayeufungua. Dawa mpya ilihitaji vitu hivyo vitatu: anwani, kufungwa kusikolegea, na mlango wa kufungulia.

Anwani ilikuwa imeshapatikana. Katika saratani za matiti, karibu moja kwa kila tano ina seli zilizojaa protini fulani usoni mwake inayoitwa HER2, nyingi kuliko ilivyo kwenye seli za kawaida. Kulikuwa na kingamwili iliyobuniwa maabara, trastuzumabu, inayoikamata protini hiyo na kushikamana nayo. Kingamwili mnazijua: ni protini zile ambazo mwili hutengeneza kuwatambua wadudu wa magonjwa. Hii ilifunzwa kutambua HER2, na ilikuwa tayari inatumika kama dawa yenyewe tangu 1998.

Kufunga ndiko kulikowatoa jasho. Hebu tukae hapa kidogo, maana hapa ndipo mnapoona maana ya kubuni kampaundi.

Molekuli ya maitansini ni duara kubwa la atomi lenye vijitawi vinavyoning'inia pembeni. Wakemia walipima kijitawi kimoja kimoja: kikate, badilisha, pima. Kimoja kilikuwa na tabia ya kushangaza. Ukikiondoa kabisa, sumu inapoteza karibu nguvu zake zote. Lakini ukirudishia kingine chenye umbo tofauti kidogo kwenye ncha, nguvu inarudi. Maana yake ni kwamba ncha hiyo ni mahali pa kufanyia kazi bila kuharibu chombo. Basi wakachukua kemikali ya bakteria, wakakikata kijitawi chake, wakapandikiza kipya chenye atomi ya salfa mwishoni. Salfa hupenda kushikana na vitu vingine. Kundi la wakemia wa kampuni ya ImmunoGen huko Marekani, akiwemo Ravi Chari, lilichapisha kazi hiyo mwaka 1992. Kampaundi mojawapo iliyotokana na kazi hiyo ndiyo DM1.

Kwa kutumia ile salfa, DM1 ikaunganishwa na trastuzumabu kupitia kiungo kifupi. Walijaribu viungo vya aina nyingi. Vingine vilikatika mapema ndani ya damu, sumu ikamwagika njiani, tukarudi palepale pa kina Kupchan. Kilichoshinda kilikuwa kigumu kuliko vyote, kiasi kwamba hakikatiki kabisa. Kila kingamwili ikabeba, kwa wastani, molekuli tatu na nusu za DM1. Msinicheke: wastani unaweza kuwa na nusu, kama vile mnaposema kila nyumba ina watoto watatu na nusu.

Lakini kama kiungo hakikatiki, sumu inatokaje? Seli yenyewe ndiyo inayofungua. Kingamwili ikishika HER2, seli huimeza yote na kuipeleka kwenye kifuko chenye vimeng'enya vya kusaga protini. Huko kingamwili inasagwa hadi kuisha. Kinachobaki ni DM1 na kipande kidogo cha kiungo, na hicho kinapenya kwenda kwenye tubulini. Nyuzi zinakataa kusukika. Seli ya saratani imejisagia sumu yake yenyewe.

Kabla ya kumfikia binadamu, kila kampaundi ya namna hii hupitia sahani ya plastiki inayotoshea kiganjani, yenye vishimo 96. Kila kishimo kinawekwa seli za saratani na mchuzi wa kuzilisha, kisha dawa: kishimo cha kwanza dozi kubwa, cha pili pungufu, na kuendelea hadi cha mwisho kisicho na dawa. Unasubiri siku mbili au tatu. Halafu unatia rangi ya manjano. Seli hai huibadilisha rangi hiyo kuwa zambarau. Seli iliyokufa haina uwezo huo. Ukiinua sahani kwenye mwanga unaona upande mmoja manjano, mwingine zambarau iliyokolea, na katikati mpaka. Mahali mpaka ulipo ndipo unaposoma nguvu ya dawa. Kisha unachukua sahani nyingine yenye seli zisizo za saratani na kufanya vilevile, na hiyo ya pili ndiyo inayovunja mioyo ya wanafunzi wa kemia. Mara nyingi mipaka yote miwili iko mahali pamoja.

Kwa dawa hii mipaka iliachana. Jaribio la ngazi ya tatu lilihusisha wagonjwa 991 ambao saratani yao ya matiti ilikuwa na HER2 na ilikuwa imeshasambaa licha ya matibabu ya awali. Matokeo yalichapishwa 2012: waliopewa dawa mpya waliishi, ukichukua yule wa katikati kwenye mstari, karibu miezi 31, waliopewa matibabu ya kulinganisha, miezi 25. Februari 2013 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo, inayouzwa kwa jina la Kadcyla. Baadaye ikajaribiwa kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao haujasambaa, lakini mabaki yake yalikutwa wakati wa upasuaji. Kwao ilipunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa kurudi au kifo. Miezi sita inaweza kuonekana kidogo kwenu nyinyi ambao muhula mmoja wa shule unawachosha. Muulizeni mama mwenye mtoto wa darasa la saba.

Haikuwa dawa isiyo na madhara. Inaweza kushusha chembe za kugandisha damu na kuumiza ini, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu kabla ya kila dozi. Na bei yake ni ya kutisha, kiasi kwamba mwanamke wa Kwale anayeishi karibu na msitu ule anaweza kuugua ugonjwa uleule na asiione dawa hiyo. Hilo haliko kwenye vitabu vya kemia, lakini msimulizi akiliacha atakuwa amewadanganya.

Mmoja wenu anataka kujua kama basi sasa tumemaliza, dawa imepatikana. Hapana. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililoshindanisha Kadcyla na dawa nyingine iliyojengwa kwa wazo lilelile na kingamwili ya trastuzumabu, ila iliyobeba sumu tofauti, na Kadcyla ikashindwa waziwazi. Sumu hiyo mpya haisumbui tubulini. Inazuia seli kunakili maagizo yake ya urithi. Imebuniwa kutokana na kamptothesini, kampaundi ambayo Wamarekani Monroe Wall na Mansukh Wani waliitangaza mwaka 1966 baada ya kuitoa kwenye mti wa China. Nayo ilipopewa wagonjwa kwa mara ya kwanza iliwaumiza vibofu hadi wakakojoa damu, na miaka ya 1970 majaribio yake yakasimamishwa.